Moyo Ndani ya Eda

Kiseke, 2 Oktoba

Nimeanza kuandika kwa sababu nyumba hii imebaki na watu wawili, na mmoja wao ni Mwaija.

Mwaija ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu Abubakary. Alikuja kutoka Magu siku ya mazishi na begi dogo, nikadhani ataondoka baada ya hitima. Kumbe amekuja kunikalia eda nzima. Kila asubuhi anaburuta kiti cha plastiki hadi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, anakaa, anavuta uradi. Miezi minne na siku kumi, ndivyo sheria inavyosema kwa mjane: nisivuke geti bila sababu, nisijipake manukato, nisitie hina, nisivae cha kumeremeta. Sigombani na sheria. Abubakary aliishi nami miaka thelathini na mbili bila kuniinulia sauti, anastahili zaidi ya hiyo miezi. Ninachogombana nacho ni kile kiti.

Mimi ni mtu wa duka. Nina miaka hamsini na saba, na zaidi ya nusu yake nimeuza vitenge mjini. Nasimama tangu asubuhi, nabishana na wateja, narudi jioni sauti imekauka. Sasa duka analishika mwanangu Faisal, na mimi nabishana na kuku.

5 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Ilianza kwa kishindo, ikaghairi.

9 Oktoba

Roza kapita kunijulia hali. Ni jirani yetu, Mjaluo wa Shirati, anakausha dagaa ufukweni na kuwauza, na mdomo wake haujui msiba wala harusi.

"Mama Faisal, umepauka."

"Ni joto."

"Joto gani na mvua imeanza? Au lile la kwetu? Wewe si ulishakoma siku zako?"

"Miaka sita sasa."

"Mimi saba, na bado natupa shuka kama nimetupiwa nyoka."

Tukacheka. Mwaija akakohoa pale mlangoni, maana mjane hacheki hadi asikike kwa majirani. Roza alipoondoka nyumba ikarudi kuwa kisima.

13 Oktoba

Nimepumzika njiani kutoka kwenye tangi la maji hadi jikoni. Zamani nilikuwa nabeba majora ya vitenge begani nikipiga soga. Mwaija anasema ni huzuni.

17 Oktoba

Leo nina jambo la kuandika.

Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Kitu kikanikalia kifuani. Hakikuchoma, wala sikuanguka nimeshika moyo kama wazee wa kwenye tamthilia. Ulikuwa uzito tu, kama mtu amekaa hapo bila kukaribishwa na hana haraka ya kuondoka. Halafu taya la kushoto likaanza kuuma kama jino bovu, na jasho likanitoka hadi mtandio ukalowa. Nikataka kutapika, nikashindwa. Nikakaa chini kwenye saruji, mikono imejaa unga, nikamwita Mwaija.

Alikuja mbio, hilo nimpe. Akanifuta uso kwa kanga yake, akanishika kichwa.

"Kiungulia hicho, wifi. Na huzuni. Huzuni ikikosa machozi inashuka tumboni."

Akanichemshia tangawizi. Nikasema nataka hospitali.

"Kwa kiungulia, uvunje eda?"

Nikanywa tangawizi. Uzito ulikaa hadi adhuhuri ikapita, ukaondoka wenyewe. Faisal akaniletea dawa ya vidonda vya tumbo jioni, akanibusu mkono, akarudi kwake. Nimelala kama mtu aliyepigwa. Kinachoniuma ni kwamba sikumbishia Mwaija hata neno, mimi ambaye sijawahi kumwachia mteja aseme la mwisho.

24 Oktoba

Kila Ijumaa shemeji yangu Abeid anapiga simu kutoka Magu. Yeye ndiye aliyebaki kuwa sauti ya ukoo baada ya Abubakary. Haongei na mimi. Anaongea na Mwaija, na swali lake ni moja: "Yuko ndani?" Mwaija anajibu, "Yuko." Basi, simu inakatwa. Hata ng'ombe aliyefungwa huulizwa kama amekunywa maji.

28 Oktoba

Mvua. Nguo hazikauki.

2 Novemba

Roza amefanya lake. Nilimwambia habari ya taya, naye leo kaja na mkwewe Selina, daktari wa mjini, mke wa mwanawe Orwa. Wameingia wamelowa chapachapa, viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akanipima presha, akatikisa kichwa, akapima tena. Akauliza hedhi ilikoma lini, nikamwambia. Akauliza siku ile ya chapati ilikuwaje, nikamweleza. Hakuniambia ni huzuni. Nilitamani kulia kwa hilo tu.

"Mama, mwanamke akiwa bado anaona siku zake, mwili unatengeneza homoni ya kike, estrojeni. Kazi yake si uzazi peke yake. Inasaidia mishipa ya damu ibaki laini, itanuke na kusinyaa vizuri. Siku zikikoma inashuka, na ile homoni ya kiume kidogo ambayo kila mwanamke anayo inabaki na nguvu kuliko mwanzo. Mafuta yanahamia tumboni, na mafuta ya tumboni hayatulii. Yanauchochea mwili ukae kama una kidonda kisichopona."

"Kidonda wapi?"

"Kwenye kuta za mishipa. Ni uvimbe wa ndani, hauna homa, hauna usaha, huuoni. Lehemu inapata pa kushika. Siku moja sehemu moja inapasuka, damu inaganda hapo, na moyo unakosa chakula. Wataalamu wenyewe bado wanabishana ni homoni ipi inaanza kuharibu. Ila wanakubaliana kwamba hatari inapanda, hasa kwa mwenye presha, mwenye sukari, na aliyekoma mapema. Hata aliyetolewa kizazi pamoja na vifuko vya mayai angali kijana."

Hapo uradi wa Mwaija ukakatika. Nikadhani kachukizwa na maneno ya kike karibu na mlango.

"Na wanawake wengi hawaji wameshika kifua," Selina akaendelea. "Wanakuja wamechoka. Taya linauma, mgongo unauma, tumbo limechafuka. Wanapewa dawa ya vidonda vya tumbo wanarudi nyumbani. Mama, kesho njoo nikupime umeme wa moyo. Ile mashine siwezi kuja nayo hapa."

"Hatoki," Mwaija akasema, bila kugeuka.

"Bibi, ugonjwa una ruhusa."

"Mwanangu, wewe ni Mkristo. Ahsante kwa kuja."

Selina akaniachia dawa za presha na namba yake. Roza akachukua viatu vyake, wakatoka.

4 Novemba

Nilimwambia Faisal ampigie shehe. Shehe akajibu vizuri kabisa: mjane mgonjwa anaruhusiwa kutoka mchana kwa dharura, dini si mateso. Nikavaa viatu.

"Dharura," Mwaija akasema. "Shehe kasema dharura. Mtu anayekula, anayefua, anayebishana, ana dharura gani? Na Abeid nitamwambia nini Ijumaa?"

Faisal alimtazama shangazi yake, akanitazama mimi, akatazama funguo zake. Ana miaka thelathini na moja na bado anamwogopa Mwaija kama alipokuwa anavunja vikombe.

"Mama, ukizidiwa tu, nipigie. Nitakuja kukukimbiza."

"Nizidiwe kiasi gani?"

"Mama..."

"Niambie kiasi, nijiandae."

Nikavua viatu. Nina hasira na mwanangu leo, na naiandika ili nisije kuisahau.

7 Novemba

Sikuzidiwa. Mvua.

10 Novemba

Sikuzidiwa.

15 Novemba

Mvua ya mawe. Embe changa zimepukutika uani. Nilipanda ngazi mbili za jikoni nikakaa kwenye ya pili. Sikuzidiwa.

21 Novemba

Umeme ulikatika mchana, mvua ikatufungia ndani, mimi na Mwaija tukawa tunachambua mchele. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kama yeye eda yake aliikaa kwenye kiti kama hiki.

Alitoa chuya kadhaa kwenye ungo. Halafu akasema yake aliivunja.

Mumewe alifariki wakati wa mavuno ya pamba, akamwachia watoto wadogo na shamba lililojaa. Wakwe hawakutaka kuvuna. Pamba ilipoanza kulowa shambani, akajifunga kanga akaenda kuchuma mwenyewe. Siku hiyohiyo mama mkwe akatangaza mtaa mzima. Wakamzuia kuingia kwenye dua ya mumewe. Walisema mwanamke asiyeweza kutulia ndani, huenda alikuwa na haraka hata mumewe afe. Mpaka leo wapo wanaomwita Aliyeruka Eda, na binti yake mmoja alikataliwa posa kwa ajili hiyo.

"Sitaki wakuite hivyo, wifi," akasema. "Ndiyo maana nakaa mlangoni. Si kukuzuia wewe. Nazuia midomo."

Nilikuwa nimeshamzoea Mwaija kuwa mtu wa kumchukia, ilikuwa inanipa nguvu. Sasa hata hiyo kaninyang'anya. Ningeweza kumsukuma askari nikapita. Huyu siwezi kumsukuma.

26 Novemba

Sikuzidiwa.

8 Desemba

Yule mgeni wa kifuani karudi. Nilikuwa naanika nguo, hakukuwa na kazi nzito. Taya, jasho, mkono wa kushoto ukawa mzito kama si wangu. Nilijikokota hadi mlangoni, nikamwambia Mwaija, "Nimezidiwa."

Alisimama. Naapa alisimama, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Una hakika?"

Na papo hapo uzito ukaanza kupungua. Ulikuwa unaondoka huku ananitazama. Nikaona safari nzima: bajaji, macho ya majirani, Faisal kaacha duka, Abeid kwenye simu, halafu daktari anasema mama huna kitu.

"Sina," nikasema.

Akakaa. Mimi nikarudi kwenye nguo. Nilidhani kinachonifunga ni kiti cha Mwaija, na leo kiti kilikuwa kitupu.

14 Desemba

Kumbikumbi wametoka kwa wingi. Kuku wamefurahi peke yao.

25 Desemba

Roza katuletea pilau la Krismasi, kapika kwa nyama iliyochinjwa na Mwislamu, kasisitiza hilo mara nyingi. Nimekula. Mwaija kagusa kidogo akasema tumbo limejaa gesi.

2 Januari

Nimeanza kumtazama Mwaija. Miezi yote hii nilikuwa najitazama mimi, kila pumzi, kila jasho, na sikumwona mtu aliyekaa mbele yangu.

Halali chini tena. Analala ameegemea ukuta, mito mitatu mgongoni. Akitoka msalani anashika fremu ya mlango kwanza. Anajisugua katikati ya mgongo kwenye pembe ya kabati. Leo nilimuuliza moja kwa moja.

"Mgongo tu. Uzee."

"Wifi, ulikoma lini siku zako?"

Akacheka kwa pua. "Sikukoma. Nilikomeshwa. Walinifanyia upasuaji nikiwa na miaka thelathini na tisa, wakatoa kila kitu."

Nikakumbuka uradi ulipokatika. Alisikia kila neno la Selina, akalibeba kimya miezi miwili.

"Basi ni wewe wa kwenda hospitali. Wewe huna eda."

"Nikienda nani atakaa na wewe? Abeid akipiga akute hapokei mtu? Zimebaki siku chache. Ukitoka eda tutaenda wote."

Kwa hiyo sitoki kwa sababu yake, na yeye hatoki kwa sababu yangu. Tumefungwa kamba moja kama mbuzi wa mnadani.

6 Januari

Nimemwomba tena. Kakataa. Nimempa nusu ya dawa zangu za presha, kazimeza bila kubisha. Hilo la kutobisha ndilo limenitisha. Nilimpigia Selina, akanigombeza: dawa za mtu hapewi mwingine, mlete.

10 Januari

Jua kali, ziwa linang'aa kule chini kupita mapaa ya mabati. Nimemwambia Faisal amchukue shangazi yake kwa nguvu. Kasema akirudi kutoka Usagara kupokea mzigo.

14 Januari, wodini

Naandikia magotini.

Jana asubuhi Mwaija alikuwa anaanika kanga. Nilisikia beseni likianguka. Nilimkuta amekaa chini, mgongo kwenye tangi, uso rangi ya majivu, jasho linamtiririka, na mkono mmoja umeshika taya.

"Kiungulia," akasema. "Nichemshie tangawizi."

Na nitaandika ukweli: nilipiga hatua kuelekea jikoni. Mwili wangu ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea. Ndipo nikasimama.

Nilimpigia Faisal, yuko Usagara, mzigo umekwama. Nilipiga kelele ukutani kumwita Roza. Akatoka hivyohivyo na mikono ya dagaa, akakimbilia barabarani kutafuta bajaji. Bajaji haikuweza kufika mlangoni kwa sababu ya mawe yaliyoporomoka wakati wa mvua. Ikasimama chini, pale kwenye kibanda cha chipsi, ambapo kuna watu muda wote.

Tukamwinua, mimi upande huu, Roza upande ule. Tulipofika getini Mwaija akajikaza, akanishika kifua kwa kiganja.

"Wewe rudi ndani."

"Sirudi."

"Roza anatosha. Wifi, zimebaki siku chache. Usiharibu mwishoni. Rudi."

"Roza hatoshi. Tembea."

"Watakuita..."

"Waniite."

Nikalifungua geti kwa mguu. Miezi yote nilidhani siku nitakapolivuka nitasikia kitu, furaha au hofu. Sikusikia chochote. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Tuliteremka pole pole, nami nimevaa nyeupe za eda, na watu pale kibandani wakanyamaza mmoja mmoja. Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni. Kifua changu nacho kilikuwa kimeanza kubana, sikumwambia mtu.

Roza alimpigia Selina njiani, tukamkuta anatusubiri mlangoni mwa hospitali. Wakambandika Mwaija nyaya, mashine ikatoa karatasi yake, wakaanza kukimbia. Ni shambulio la moyo, lililokuwa bado linaendelea. Wakamtundikia dripu, wakamwekea oksijeni, wakachoma sindano. Mimi nikaegemea ukuta. Selina akanitazama mara moja tu.

"Na wewe panda kitanda."

Nikapanda, kitanda cha pili, pazia katikati. Baridi ya vile vibandiko kifuani. Alisoma karatasi muda mrefu, akaninong'oneza, lakini pazia ni kitambaa tu.

"Mama, moyo wako una kovu. Ulishapata shambulio. Si leo. Nadhani ni siku ile uliyonieleza."

Upande wa pili mashine ya Mwaija ikawa inalia haraka haraka. Muuguzi akamwambia atulie. Nikamsikia akiuliza, sauti imefunikwa na ile barakoa, "Siku ya chapati?"

Mimi nikajibu. "Ndiyo, wifi."

Machozi yake sikuyaona, niliyasikia.

16 Januari

Wamelituliza lile shambulio la Mwaija. Hawajui moyo wake umebaki na nguvu kiasi gani. Mimi nimepewa aspirini, dawa ya lehemu, na amri ya kutoshuka kitandani bila ruhusa. Faisal kaja, kakaa katikati ya vitanda vyetu, kalia kama mtoto. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia tangu Novemba. Nikampa leso.

18 Januari

Eda yangu imeisha leo. Magharibi imenikuta nimelala chali, mpira wa dripu mkononi.

Kabla ya hapo, saa za kuwaona wagonjwa, alikuja Abeid kutoka Magu na wanaume wawili wa ukoo. Walisimama miguuni mwa kitanda cha Mwaija, wakampa pole, wakaomba dua. Kisha Abeid akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Watu wanasema mjane wa ndugu yangu kaonekana barabarani mchana kweupe, eda haijaisha. Mpaka Magu imefika. Nataka kujua ni nani aliyemruhusu."

Nilikuwa nimechoka. Nikafungua mdomo niseme sikuruhusiwa na mtu, nilitoka kwa miguu yangu, na wakitaka waniite watakavyo. Lakini Mwaija alikuwa ameshaivuta barakoa ya oksijeni hadi shingoni. Huyu ni mwanamke ambaye sijamsikia akisema uongo tangu niolewe kwao.

"Mimi," akasema. "Hakutaka kutoka. Nilimshika mkono nikamtoa."

"Wewe, dada? Wewe ndiye tuliyekuweka mlangoni."

"Ndiyo. Kawaambieni hivyo huko Magu. Mimi wameshanizoea."

Abeid akauliza kama tumekula. Muuguzi akaja akamrudishia Mwaija barakoa yake, akawaambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.